Jinsi ya kuchunguza parseli pembezoni mwa Goma kabla ya kuinunua

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umebanwa na ziwa Kivu kusini, mpaka wa Rwanda mashariki na mlima wa volkano wa Nyiragongo kaskazini, kwa hiyo wanaotafuta parseli, yaani viwanja, za bei nafuu huelekea magharibi, Mugunga na Lac Vert, au hupanda kaskazini upande wa Buhene. Ichunguze ardhi kwanza, ndipo uombe makaratasi.

Upande wa magharibi hatari kubwa ni mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na ambayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni bila rangi wala harufu. Fika alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya, lakini usishuke bondeni: tazama kutoka juu kama kuna ndege, mijusi au wadudu waliokufa, kisha waulize majirani wanaofuga mbuzi na kuku. Wengine hushusha taa, na mwali usipozimika husema mahali ni salama; kipimo hicho mimi sikiamini, kwani gesi humdhuru mtu kabla haijafikia kiwango cha kuzima moto. Wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachochunguza volkano, ndio wa kuulizwa. Parseli ya bondeni iache hata ikiwa bei yake inavutia, maana wanaolala sakafuni, hasa watoto, ndio hufikiwa kwanza.

Kaskazini fikiria lava. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika Buhene. Zote zilifuata miteremko, kwa hiyo chagua mahali palipoinuka. Uliza pia gharama ya kuchimba choo, kwa sababu mwamba wa lava iliyopoa huvunjwa kwa nyundo na mtaimbo, na bei ya bidoni (dumu) ya maji inayoletwa kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Dola. Unachonunua ni haki ya kuitumia, nayo huthibitishwa na cheti cha usajili, si na karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Mahali mji unapopakana na usheferi wa Bukumu, eneo la chifu wa kimila, uliza pande zote mbili nani anayetambuliwa kuwa mwenye parseli, na usitoe pesa mpaka mpimaji wa kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, akuonyeshe mipaka mbele ya majirani.