Kuvua trauti mtoni wakati wa baridi kali

Jamani kama unavua trauti (samaki wa maji baridi) kwa chambo cha manyoya, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, msimu huu wa baridi, usihangaike kuamka alfajiri, subiri jua lipande maana kuanzia kama saa 5 hadi saa 9 mchana ndo maji yanapata joto kidogo na samaki anaanza kula. Maji yakishuka chini ya nyuzi 5 hivi trauti anapoa kabisa, hafukuzii kitu, anajilaza chini kwenye madimbwi yenye kina ambako mkondo ni wa polepole. Kwa hiyo chambo lazima kimfikie mdomoni. Weka chambo chenye umbo dogo tu, ongeza chubwi (kile kizito cha kukizamisha) mpaka uhisi kinagusagusa mawe, halafu kiache kichukuliwe na maji bila kukivuta, na urudie palepale hata mara 10 au 15 kabla hujahama, watu wengi wanahama haraka sana na samaki wako hapohapo. Kuuma kwenyewe ni kudogo mno, mshipi unasita tu, ukiona hivyo nyanyua fimbo.

Barafu ikiziba vile vipete vya fimbo ambamo mshipi unapita usiigongegonge utavunja ncha, izamishe fimbo majini sekunde chache itayeyuka.

Na tafadhali, kama unamrudisha samaki usimtoe majini kwa ajili ya picha hewa ikiwa chini ya sifuri, matamvua yake yanaganda haraka, mchomolee ndoano humohumo majini.