Kurudi kuishi Mwanza: panga kwanza, kiwanja baadaye

Anayerudi kutoka ughaibuni huwa na haraka ya kujenga. Panga nyumba kwanza, angalau mwaka mzima. Buhongwa, Kisesa na Buswelu zimejaa, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, Sengerema si mbali tena. Bei unazozikumbuka hazikusaidii.

Ukifika, jitambulishe serikali ya mtaa. Fomu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hupita kwa mtendaji hapohapo. Usiahirishe: laini ya simu husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na pesa ya simu hufuata laini. Ukitumia laini ya mdogo wako, akaunti ya pesa husomeka kwa jina lake.

Kwenye nyumba ya kupanga, dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba mara nyingi hutaka ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla ya kulipa, fungua bomba, hasa kama nyumba iko mlimani, kisha uliza kama luku (mita ya umeme) ni yako peke yako au ya kuchangia.

Sasa kiwanja, ambako wengi huumia. Kama ulichukua uraia wa nchi nyingine, huwezi kumiliki ardhi kama raia; muone wakili kabla ya yote. Kama ungali Mtanzania, muombe muuzaji hati, kisha fanya upekuzi mwenyewe ofisi ya ardhi, yaani uangalie kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani. Muhuri wa mtaa unashuhudia mauziano tu, hauthibitishi umiliki. Ilemela ilijitenga na Jiji mwaka 2012, kwa hiyo kiwanja cha Kirumba au Pasiansi kiulizie Manispaa ya Ilemela. Hakikisha mwenzi wa muuzaji anaridhia kwa maandishi; kama ni ardhi ya urithi, warithi wote wasaini.

Ukivutiwa na ufukwe, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ziwani hapajengwi makazi. Ziwa lenyewe lilipanda sana mwaka 2020 na 2024, likafika hadi sebuleni mwa watu. Muulize mvuvi wa hapo maji yaliishia wapi, dalali hatakuambia.

Usilipe hata arubuni kabla mpima hajakuonesha bikoni (alama za mipaka) zote nne. Ya nyuma ndiyo hukosekana, na mara nyingi jirani ameshajenga juu yake.