SOMO: Kuonyesha pesa za safari kwenye viza ya matembezi ya Uingereza

Swali la "niwe na ngapi benki" linarudi hapa kila wiki. Nimeandika yote mahali pamoja, someni kwanza.

1. Piga hesabu ya safari: tiketi, malazi, chakula, usafiri wa huko. Sheria haijataja kiasi. Zinatakiwa zitoshe safari yako bila wewe kufanya kazi kule.

2. Chukua stetimenti ya miezi 6. Barua ya salio peke yake haitoshi, inaonyesha siku moja tu.

3. Ambatisha chanzo. Mwajiriwa: payslipu za miezi hiyo, P9 (fomu ya kodi ya mwaka unayopewa na mwajiri), barua ya mwajiri inayotaja mshahara na likizo. Neti ya payslipu ilingane na kinachoingia benki.

4. Pesa kubwa ya ghafla. Hapa ndipo wengi huanguka. Chukua stetimenti hii: mshahara wa KSh 68,000 unaingia tarehe 28, kufikia tarehe 10 zimebaki 4,000, mwezi baada ya mwezi. Halafu wiki mbili kabla ya kuomba, 350,000 taslimu zinawekwa kaunta. Ofisa lazima ajiulize ni za nani, na zitarudi kwa nani viza ikishatoka. Akishashuku hapo, hata barua ya kazi ataisoma kwa jicho jingine.

Kama ni zako kweli, zieleze kwenye barua yako na uweke ushahidi. Za chama (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu): cheti cha usajili, orodha ya zamu, kumbukumbu za mkutano, na muamala kutoka akaunti ya chama. Kumbukumbu zikiwa za Kiswahili, zitafsiriwe Kiingereza, na mtafsiri aweke jina, sahihi, tarehe na mawasiliano yake. Za shamba: mkataba wa mauzo na stetimenti inayoonyesha mnunuzi akilipa.

ONYO: usizitoe taslimu kisha uziweke tena, unakata mkondo wa pesa mwenyewe. ONYO la pili: mkopo wa SACCO uite mkopo. Ukiuita akiba na stetimenti ya SACCO iseme vingine, umejimaliza.

5. Jaza fomu stetimenti ikiwa mkononi. Inauliza kipato na matumizi ya kila mwezi. Usiandike unatumia 20,000 wakati akaunti inatoa 64,000.

6. Stetimenti ya M-Pesa huja na nenosiri. Ifungue, ihifadhi upya kama PDF isiyo na kufuli, ndipo uipakie.

MASWALI

Kijana_Kayole: Mkuu, kwa hivyo niweke ngapi niwe salama?
— Hatua ya 1.

Kijana_Kayole: Kuna jamaa wa saiba anatengeneza stetimenti safi kabisa. Inapita?
— Hapana, na usiulize tena hapa. Benki hupigiwa simu. Hati ya kughushi inaweza kukufungia mlango wa Uingereza miaka 10.

Mama_Mitumba: Mwalimu, mimi sina payslipu. Nauza Gikomba, pesa zote zinaingia kwenye till (namba ya M-Pesa ya kupokea malipo ya biashara) na ninanunua marobota kutoka hapo hapo. Nifanyeje?
— Swali zuri, mama. Toa stetimenti ya till na ya benki, zote za miezi 6. Kuanzia sasa, hamisha faida kwenda benki kila wiki, hata kama ni 5,000, ili itengane na pesa ya mzigo. Ongeza leseni ya biashara ya kaunti na ritani za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya). Muhimu: ofisa anataka faida, si mauzo. Till ikipitisha 300,000 kwa mwezi na faida ni 45,000, andika 45,000. Ukiiambia KRA 20,000 na viza 150,000, karatasi zako zitagombana zenyewe.

Dada_wa_Rongai: Dada yangu wa Leeds atalipa kila kitu. Bado naweka stetimenti yangu?
— Weka. Yake inaonyesha nani analipa, yako inaonyesha maisha unayorudia. Yeye atoe barua, stetimenti, payslipu na uthibitisho wa ukaazi wake. Udugu uthibitisheni kwa vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi.

Dada_wa_Rongai: Asante sana. Na Ufaransa ni vivyo hivyo?
— Mkondo wa pesa ni ule ule, ila wao wana viwango: euro 65 kwa siku ukiwa na hoteli, 120 bila hoteli. Pia bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, ambayo Uingereza haiidai. Inunue baada ya kupanga tarehe, kwa sababu lazima ifunike kila siku utakayokuwa huko.