Kabla ya kupiga mbizi Dania: mshale, skrini na hewa iliyobaki

Meli ya Dania ilizamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya ufuo wa kaskazini wa Mombasa, na chini kabisa imekaa kwenye kina cha mita 30 hivi. Hapo shinikizo ni mara nne ya lile la juu, kwa hiyo kila pumzi hula hewa mara nne. Jedwali la wazamiaji linalotumiwa na wengi linakupa dakika 20 tu za kukaa kina hicho, kabla naitrojeni ya hewa unayovuta haijazidi mwilini. Hewa, kina na muda ni vitu vitatu usivyoweza kubahatisha, na vifaa vinavyokupa habari zake, yaani geji ya mshale inayopima hewa ya mtungi na kompyuta ya mzamiaji inayohesabu kina na muda, vikaguliwe ukiwa bado nchi kavu.

Wengi huamini geji ya mshale kwa kuwa haina betri. Ni kweli: ndani mna kimrija cha metali kilichopindwa, kinachojinyoosha shinikizo linapoongezeka na kuusukuma mshale, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Hakuna cha kuzimika. Lakini mshale ukikwama haukuambii. Utakuonyesha shinikizo la bar 100 huku mtungi unaisha. Kompyuta ikifa, skrini inabaki tupu na unajua papo hapo kwamba safari imekwisha. Mimi naiogopa zaidi geji inayodanganya kuliko ile iliyonyamaza.

Basi anza na mshale. Kabla ya kufungua valvu ya mtungi, uwe umelala kwenye sifuri. Elekeza kioo mbali na uso wako na wa jirani, fungua taratibu, uangalie mshale ukipanda bila kushtukashtuka hadi bar 200 hivi. Kisha vuta pumzi tatu nne kwenye regileta, kile kifaa cha kupumulia, macho kwenye kioo. Mshale ukishuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, mara nyingi valvu haijafunguka sawasawa. Juu ya boti utapumua vizuri tu, kule chini hewa haitakutosha. Usiruke hatua hii hata nahodha akikuharakisha kwa sababu maji yanakupwa.

Geji ya kukodi ikague zaidi. Vua kava yake ya mpira uone kama kuna kutu ya kijani. Itie kwenye ndoo ya maji: viputo vikitoka pale hosi inapoungana na geji, kipete cha mpira kimechoka. Soma pia kipimo chake, kama ni bar au psi, maana 3000 psi ni karibu bar 207, na wewe na mwenzako mkisoma vipimo viwili tofauti mtapishana kwenye ishara za mkono.

Kompyuta ya kuchaji ichaji mapema, wala usingoje usiku wa mwisho, stima ikipotea utajuta. Nyingi hujiwasha zikigusa maji, kwa hiyo ukiifungia mbichi kwenye begi huenda ikabaki macho usiku kucha ikila betri. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uikaushe, na usiianike juani kwenye boti. Kama ni ya kukodi, fungua menyu uone aliyekutangulia aliacha gesi gani. Ikiwa imewekwa oksijeni ya asilimia 32 nawe una hewa ya kawaida, itakupa dakika ambazo huna. Tena iwe haijashuka na mtu mwingine siku hiyo, maana itahesabu naitrojeni yake badala ya yako.

Mimi hushuka na vyote: hewa naisoma kwenye mshale, kina na muda kwenye kompyuta, na saa ya kawaida mkononi. Kwenye msimu wa kusi, maji yakiwa machafu, hilo lina uzito zaidi. Kubalianeni mapema: kompyuta ya yeyote ikizimika, wote mnapanda, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, mnasimama dakika tatu kwenye mita 5, na mwenye kompyuta hiyo hashuki tena siku hiyo. Na kama unatumia transmita, kidude cha kwenye regileta kinachoipelekea kompyuta kiasi cha hewa, mwonyeshe baharia anayekupokelea mtungi ilipo, asije akaifanya mkono wa kunyanyulia.