Kititia cha chupa: somo kwa wazazi na watoto wa Lamu

Kititia cha ukuti wa mnazi, kichezeo kinachozungushwa na upepo, tunakijua sote, lakini kikinyauka hakizunguki tena. Mji ulioshusha majini chombo cha Flipflopi mwaka 2018, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, haukosi chupa wala ufundi wa kutengeneza kititia kinachodumu.

Chagueni chupa ya maji ya lita 1 yenye ubavu laini, muioshe na kuikausha. Mtu mzima akate kitako. Mtoto apige alama nane za kalamu zenye nafasi sawa, kisha ubavu ukatwe kufuata alama hizo hadi begani mwa chupa. Mbawa zikunjwe nje kama ua linalochanua, na ncha zisuguliwe kwa msasa.

Hatua inayofuata msiiharakishe. Kila ubawa usokotwe kidogo penye shina lake, na zote zielekee upande mmoja, kwa sababu upepo huusukuma kando ubawa uliolala mshazari, na mbawa mbili zilizopingana huvunjiana nguvu. Mwacheni mtoto akosee, apulize, kisha arekebishe mwenyewe. Mimi naona hapo ndipo anapojifunza hasa.

Kifuniko kitobolewe na mtu mzima kwa msumari wa moto, nje ya nyumba, maana moshi wa plastiki haufai kuvutwa. Tundu liwe pana kuliko waya. Pitisheni waya mgumu uliokunjwa kichwa, ushanga, kifuniko, ushanga wa pili, kisha mfunge ncha ya waya kwenye fimbo.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Changu huyumba tu, kisha husimama upande uleule.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ubawa unaobaki chini ndio mzito. Upunguze kwa mkasi kidogo kidogo, hadi kititia kisimame popote unapokiachia.

Swali: Je, vipande vya ndala vinaweza kushika nafasi ya shanga?

Jibu: Vinaweza, lakini mpira hung'ang'ania waya. Shanga ni bora zaidi.

Swali: Nyumbani kwetu mtaani hakizunguki kabisa, ingawa kusi inavuma.

Jibu: Kuta ndefu za vichochoro vya mji wa kale huuzuia upepo. Nendeni na mtoto ufuoni Shela, uso wa kititia uelekee upepo unakotoka, na msimpandishe mtoto juu ya paa kuutafuta.