Jinsi ya Kuandaa Orodha ya Makaburi ya Watu Mashuhuri Katika Kaunti Yako: Mfano wa Nyeri

Mtu akishuka Nyeri na kuuliza ni nani mashuhuri aliyezikwa hapa, atatajiwa Baden-Powell kabla hajamaliza swali. Ni kweli, yupo. Lakini nimezunguka kaunti hii miaka kadhaa na wanafunzi wa chama cha historia, daftari mkononi, na nimeona kwamba anayeishia kwenye kaburi hilo hajaijua Nyeri. Wengi huniuliza namna ya kufanya kazi hii kwao. Naeleza kama tunavyoifanya sisi.

Hatua ya 1: Chora daftari kabla ya kwenda makaburini

Usikimbilie ua wa kanisa. Huku kwetu mwenyeji huzikwa shambani kwake. Anayelala katika makaburi ya mjini mara nyingi ni mgeni, mwanajeshi, mmishonari au mtu aliyekosa shamba. Ukiorodhesha mawe ya kanisani peke yake utatoka na kaunti iliyojaa Wazungu, na watu wa Nyeri wenyewe hawamo.

Ukirudi nyuma zaidi, hata kaburi hutalipata. Zamani Wakikuyu waliwazika wazee wachache wenye mali na heshima. Mwili wa mtu wa kawaida uliachwa msituni. Kwa hiyo usimalize siku ukitafuta jiwe la kiongozi aliyefariki kabla ya misheni kuingia.

Chora safu tano: jina; alikuwa nani; alifariki lini na wapi; analala wapi; umejuaje. Safu ya tatu na ya nne usiziunganishe hata kama karatasi ni finyu. Utaona sababu hapo chini. Kisha ligawe daftari mafungu manne: kanisani, makaburi ya vita, nyumbani, na wasio na kaburi katika kaunti.

Hatua ya 2: Anza na kaburi linalojulikana, kisha fuata nyuzi zake

Makaburi ya Kanisa la Anglikana la St Peter's ndipo alipozikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake ni mnara wa taifa, na maskauti huja kutoka pande zote za dunia. Wape wanafunzi wako dakika kumi za kulitazama bila kuwaambia kitu. Wataona alama za skauti na za Girl Guides (skauti wa kike), na chini yake duara lenye nukta katikati. Duara hilo ni alama ya njiani ambayo skauti huwaachia wenzake, maana yake nimekwenda nyumbani. Kila mara tukifika hapo kuna mwanafunzi mmoja anayenyamaza ghafla akielezwa hivyo, nami huwa sina haraka ya kuendelea.

Jiwe hilo lina jina la mke wake Olave pia. Yeye alifariki Uingereza mwaka 1977 na majivu yake ndiyo yaliyoletwa Nyeri. Andika "majivu", usiandike "mwili". Ni neno moja tu, lakini atakayesoma orodha yako miaka hamsini ijayo atalihitaji.

Sasa fuata uzi. Baden-Powell aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan. Baadaye nyumba hiyohiyo ikakaliwa na Jim Corbett na dada yake. Corbett alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875, akajulikana kwa kuwasaka chui na simbamarara waliokula watu huko Kumaon, kisha akageuka mtetezi wa wanyama hao. Mbuga moja ya taifa ya India ina jina lake. Alifariki Nyeri tarehe 19 Aprili 1955, naye yuko St Peter's. Watu wawili, nyumba moja, makaburi mamoja. Ndiyo maana nasema baada ya kila jina uliza: aliishi wapi, na nani mwingine alipita hapo?

Hatua ya 3: Soma jiwe bila kuliumiza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo madhara hutokea.

Beba brashi laini kama ya kupakia rangi, chupa ya maji safi ya kupuliza, kitambaa cha pamba, kioo kidogo, kalamu ya risasi na simu yenye chaji. Usibebe sabuni, wala jiki, wala chaki, na brashi ya waya usiikaribishe hata mkobani. Mwaka wangu wa kwanza nilimruhusu kijana mmoja asugue jiwe la mchanga kwa brashi ya waya ili kuvu itoke. Kuvu ilitoka, na tarakimu mbili za mwaka zikatoka nayo. Nilikuwa nimeshalipiga picha lile jiwe, kwa hiyo mwaka tunao, lakini juu ya jiwe haupo tena, na mwenye kaburi hakuwa na mtu wa kumtetea isipokuwa sisi.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni huu: picha kwanza, kugusa baadaye. Piga ya jiwe zima, ya maandishi kwa karibu, na moja ya mbali inayoonyesha mti, ukuta au njia iliyo jirani, ili kaburi lipatikane tena hata jiwe likianguka. Maandishi yakiwa yamefifia usikwaruze. Njoo asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini, kwani mwanga wa pembeni hutia kivuli ndani ya herufi nazo huinuka zenyewe. Saa sita mchana, mtu mmoja asimame kando na kioo, aurudishe mwanga ulalie jiwe kutoka ubavuni. Nimewahi kusoma namna hiyo jina ambalo tuliamini halipo.

Nakili maandishi kama yalivyo, makosa ya tahajia yakiwemo. Herufi isiyosomeka weka nukta mahali pake. Usiijaze kwa kukisia.

Hatua ya 4: Makaburi ya vita

Hii ni rahisi kuliko zote. Makaburi ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yana mawe ya kipimo kimoja yenye cheo, kikosi na tarehe, na majina yanatafutika katika tovuti yao. Linganisha na jiwe, songa mbele.

Usiiruke lakini kanisa la kumbukumbu la Waitalia lililoko karibu na Misheni ya Mathari. Ndani yake amelazwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia katika Afrika Mashariki. Alisalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akaletwa Kenya kama mateka wa vita, akafariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Pamoja naye wamo wanajeshi Waitalia zaidi ya 600. Umeiona faida ya safu mbili? Alifariki Nairobi, analala Nyeri.

Hatua ya 5: Uliza kama aliyezikwa amehamishwa

Sista Irene Stefani, mtawa wa shirika la Wamishonari wa Konsolata kutoka Italia, alifika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, kisha akarudi kuhudumu Gikondi, Mukurweini, ambako watu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Alifariki huko tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na miaka 39, baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Akazikwa Mathari. Ukiishia hapo umekosea, maana mabaki yake yalifukuliwa na leo yamo katika Kanisa Kuu la Nyeri, mji uleule alikotangazwa Mwenyeheri Mei 2015. Kila ukipata kaburi la mtawa au kiongozi, muulize katibu wa parokia au mtunza makaburi: bado yumo?

Hatua ya 6: Makaburi ya nyumbani

Rais wa tatu wa Kenya, Mwai Kibaki, alizikwa nyumbani kwake Othaya tarehe 30 Aprili 2022, mahali alipotanguliwa na mkewe Lucy aliyefariki 2016. Hilo kila mtu analijua. Kazi ni wale wasiotangazwa redioni: mwalimu wa kwanza wa kata, mkunga, mpiganaji wa msituni, mwanzilishi wa shule.

Pitia kwa chifu au mzee wa kijiji kwanza. Ukifika kwenye boma, kaburi lisiwe neno lako la kwanza. Sisi huanza hivi: "Shosho, hujambo? Tumetoka shuleni. Tumesikia mzee wako alifundisha watu wengi hapa, tukaona tuje tukuulize wewe." Keti ukikaribishwa, kunywa chai. Mara nyingi yeye mwenyewe atasimama akupeleke nyuma ya migomba. Picha omba palepale, na uulize kama mahali paandikwe au pabaki siri ya familia. Akikataa, andika jina la kijiji tu. Maeneo kamili kutoka kwenye simu tunayahifadhi kwa makaburi ya umma peke yake.

Hatua ya 7: Waandike walio mbali

Fungu hili ndilo ninalolipigania zaidi. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ni mtoto wa Tetu. Alikamatwa Nyeri Oktoba 1956, akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo bila alama. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani, alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Alipofariki 2011 alichomwa Kariokor, Nairobi, katika jeneza la magugu-maji, mafunjo na mianzi kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, na kumbukumbu yake iko Upper Kabete. Orodha ya Nyeri isiyo na hawa wawili sitaitia sahihi.

Wapagazi waliouguzwa na Sista Irene nao ni wa fungu hili. Wengi wao hawakupewa jiwe wala jina, na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe ilikiri kwamba Waafrika hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao. Ukipata familia inayokumbuka babu aliyekwenda na asirudi, mpe mstari wake.

Hatua ya 8: Nakala tatu

Moja ibaki shuleni, moja maktaba ya kaunti, na ya tatu irudi kwa waliokukaribisha. Hii ya tatu ichapishe kwa herufi kubwa. Safu ya "analala wapi" isiachwe tupu popote: kwa Kimathi sisi tumeandika "Kamiti, mahali hapana alama", kwa kalamu ya risasi, ili siku akipatikana tufute.