Namna ya kukagua simu iliyotumika kabla ya kulipa

Miaka michache iliyopita nilinunua simu iliyotumika katika duka dogo la Kariakoo, nikaitumia siku mbili bila tatizo lolote. Siku ya tatu, kwa kutaka kuianza upya ikiwa safi, niliizima, nikabana vitufe vya pembeni kama nilivyoelekezwa na jirani, nikaifuta yote. Ilipowaka iliniuliza anwani ya barua pepe na nenosiri la mtu nisiyemjua. Nilirudi dukani asubuhi yake, na kijana aliyekuwa mezani akaniambia, "Dada, hiyo simu ililetwa na winga, sisi mwenye simu hatumjui." Winga ni dalali anayezunguka na mali za watu. Fedha yangu haikurudi, na simu ile bado ipo kabatini kwangu, nzima kabisa lakini haina matumizi. Tangu hapo, ndugu na majirani wanaotaka kununua simu ya aina hiyo huniomba niwasindikize, na kila mara hufuata utaratibu ninaoueleza hapa. Hauhitaji vifaa vya fundi, na huchukua takriban nusu saa ambayo ni lazima itumike kabla fedha haijatoka mfukoni.

Nenda mchana, kwa kuwa mwanga wa jua huonyesha nyufa na mikwaruzo ambayo taa za dukani huificha. Chukua laini yako inayofanya kazi ikiwa na salio la kupiga simu na bando la intaneti, chaja unayoiamini, pini ya kutolea laini, na simu nyingine itakayokupa intaneti ya Wi-Fi. Kabla ya kugusa chochote, mweleze muuzaji kwa heshima kwamba utaikagua simu kwa muda na kwamba itafutwa mbele yenu wote wawili. Muuzaji mwenye mali halali hukubali, hata kama atanung'unika kidogo kwa sababu ya wateja wengine. Akikataa, mshukuru na uondoke. Usianze kubishana naye juu ya bei.

Watu wengi huanza na kioo na kamera. Mimi huanza na akaunti, kwa sababu kioo kibovu hubadilishwa na betri iliyochoka hubadilishwa, lakini simu iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine haina dawa ya uhakika. Simu za Android zilianza kuwa na ulinzi huu katika toleo la 5.1, mwaka 2015: simu ikifutwa kwa vitufe bila akaunti ya Google kuondolewa kwanza, itadai akaunti ileile iliyokuwamo kabla ya kukubali kutumika tena. iPhone zilitangulia, mwaka 2013, kwa toleo la 7 la iOS, programu endeshi ya iPhone, na kufuli yao huhifadhiwa kwenye mitambo ya Apple, hivyo kufuta simu hakuiondoi. Ulinzi huu uliwekwa ili simu ya wizi isimfae mwizi, nami nauunga mkono. Ila mnunuzi asiyeuelewa ndiye anayeachiwa hasara.

Kwa hiyo mwombe muuzaji afungue Mipangilio, aingie sehemu ya akaunti, na aondoe kila akaunti iliyomo huku ukiangalia. Kwenye iPhone atalazimika kuandika nenosiri lake ili azime huduma ya kuitafuta simu iliyopotea na kutoka katika akaunti yake. Asipolijua nenosiri hilo, simu si yake au hajapewa na mwenyewe ruhusa kamili ya kuiuza. Akishamaliza, afute data yote kupitia Mipangilio hapohapo, si kwa vitufe vya pembeni. Simu ikiwaka upya, ishike wewe mwenyewe, iunganishe na intaneti ya simu yako nyingine, na uendelee hatua kwa hatua hadi ufike kwenye skrini ya kawaida yenye programu. Usikubali kuruka hatua ya intaneti. Kufuli nyingi hujitokeza pale tu simu inapowasiliana na mitambo, na ndiyo maana wauzaji wasio waaminifu hupenda kuonyesha simu ikiwa haina laini wala Wi-Fi.

Hatua hiyohiyo ya intaneti huifichua simu ya mkopo. Siku hizi watu wengi hununua simu kwa kulipa kidogo kila siku au kila wiki, na simu hizo huwa na programu ya mkopeshaji inayozifunga malipo yakisimama. Mkopaji aliyekwama anaweza kuiuza simu yake kabla deni halijaisha, na anayeinunua hukuta siku moja skrini nzima imefunikwa na ujumbe wa kudai malipo. Baada ya kuifuta na kuiunganisha, soma kwa makini kila ujumbe unaojitokeza. Ukiona maneno yanayosema kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni au shirika, acha. Angalia pia, katika sehemu ya usalama ya Mipangilio, orodha ya programu zenye mamlaka ya kusimamia kifaa. Ahadi kwamba kuna fundi atakayeifungua isikushawishi kwa namna yoyote: anachokifanya huweza kufutika siku simu itakapojisasisha, au kukuachia iPhone isiyoweza kupiga simu.

Akaunti ikishakuwa safi, geukia namba tambulishi, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la IMEI. Bonyeza *#06# kama unayepiga simu, na namba yenye tarakimu 15 itajitokeza. Simu ya laini mbili itaonyesha namba mbili. Linganisha namba hiyo na iliyopo kwenye Mipangilio chini ya Kuhusu simu, na iliyobandikwa kwenye boksi ikiwa boksi lipo. Zisipofanana, boksi ni la simu nyingine au simu imechezewa. Tanzania, unaweza kuituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na Kenya kwenda 1555, ukapata jibu linalotaja aina ya simu. Hapo soma kwa utulivu, kwa sababu simu bandia huweza kunakili namba ya simu halisi: tarakimu 8 za mwanzo ndizo zinazotambulisha modeli, hivyo jibu likitaja modeli tofauti na uliyoishika mkononi, hiyo ni bandia hata kama umbo lake linavutia. Wakenya walizimiwa simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Watanzania tarehe 16 Juni 2016, na wengi waliokatika siku hizo walikuwa wamenunua kwa nia njema kabisa. Jibu zuri kutoka namba hizo halithibitishi kwamba simu haikuibwa, kwa kuwa simu ambayo mwenyewe hajairipoti haitajulikana. Kwa sababu hiyo, risiti ya kwanza ya muuzaji ina thamani kubwa kuliko maneno yake.

Weka laini yako sasa, upige simu, na umsikilize unayezungumza naye. Simu ikiisoma laini lakini ikaandika kuwa unaweza kupiga namba za dharura pekee, inawezekana imefungiwa mtandao. Simu nyingi zinazoletwa kutoka Marekani huwa zimefungwa kwa kampuni moja ya huko, na kwenye iPhone jambo hilo huandikwa wazi katika ukurasa wa maelezo ya kifaa. Zipo pia tofauti za nchi ambazo muuzaji hatakwambia asipoulizwa: iPhone 14 na zilizofuata, zilizouzwa Marekani, hazina kabisa sehemu ya kuingizia laini ya kadi, bali hutumia laini ya kielektroniki iliyomo ndani ya simu. Mteja niliyemsindikiza aliigeuza simu kila upande akitafuta tundu la pini, akidhani limezibwa na vumbi. Ikiwa mtandao wako hautoi laini ya namna hiyo, simu hiyo itakuwa kamera tu. Wakati simu imeunganishwa, funika kwa kiganja sehemu ya juu unayoweka sikioni. Skrini inapaswa kuzimika na kuwaka tena ukiondoa mkono. Jaribu spika kubwa, kisha jirekodi sauti na uisikilize, maana maikrofoni iliyoziba haionekani kwa macho.

Kuhusu betri, anza na umbo. Ondoa kava, laza simu kwa mgongo juu ya kioo cha kaunta, na uisukume kidogo kwa kidole kwenye pembe moja. Simu ambayo mgongo wake uliundwa bapa itatulia. Ambayo betri yake imevimba itazunguka. Nilipoifanyia hivyo simu ambayo mpwa wangu alikuwa ameipenda sana, ikazunguka kama pia, na tulipoitazama kwa pembeni tukaona uwazi mwembamba kati ya kioo na fremu, unaopitisha ukucha. Kwa simu ambayo kamera zake zimechomoza na kuifanya iyumbe yenyewe, tegemea uwazi huo wa pembeni. Betri iliyovimba isikandamizwe wala kutobolewa, kwa kuwa inaweza kushika moto, na kufunga simu kwa gundi upya hakuiponyi.

iPhone hutoa asilimia ya afya ya betri ndani ya mipangilio ya betri. Apple husema iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya kuchaji, na iPhone 15 baada ya 1,000. Chini ya 80, panga bei ukijumlisha gharama ya betri mpya. Asilimia 100 kwenye simu ya miaka minne isikufurahishe kabla hujafungua ukurasa wa maelezo ya kifaa, ambako tangu iOS 15.2 simu nyingi huonyesha kama betri, kioo au kamera ilibadilishwa na kama kipuri kinatambulika. Kwenye Android zisizotoa takwimu hiyo, mimi huweka mwanga wa skrini hadi mwisho, huchezesha video kwa dakika 10, na huchukulia kushuka kwa zaidi ya asilimia 5 kuwa ishara ya betri iliyochoka. Kuruka ghafla, mathalani kutoka 40 hadi 25, ni ishara mbaya zaidi. Kisha chomeka chaja yako na uitikise kidogo. Simu inayoacha na kuanza kuchaji kila inapoguswa ina tundu bovu la chaji.

Kioo hukaguliwa kwa picha nyeupe kabisa iliyojaza skrini. Kivuli hafifu cha kibodi au cha alama za juu ni uchakavu wa kudumu wa aina ya skrini ziitwazo OLED. Ili kupima tachi, bonyeza programu moja, uishikilie, na uiburute polepole mstari kwa mstari hadi kila kona. Mahali itakapokuponyoka ndipo tachi ilipokufa. Kwenye Samsung nyingi, *#0*# hufungua ukurasa wa majaribio ya rangi, tachi, spika na kamera. Piga picha kwa kila kamera, karibu na mbali, na uwashe tochi.

Toa kisahani cha laini na umulike ndani ya tundu. iPhone nyingi na simu kadhaa za Samsung zina kibandiko kidogo cheupe ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji, na simu iliyokwisha kuingia maji mimi siinunui kwa bei yoyote, kwa kuwa kutu huendelea kula sakiti polepole hata kama leo kila kitu kinafanya kazi.

Zingatia pia umri wa programu. Katika Kuhusu simu utaona toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo ni ya miaka kadhaa nyuma, programu za benki zinaweza kuikataa. iPhone 6, ambayo bado inauzwa mitaani kwa bei ya kuvutia, haipati WhatsApp tangu Mei 2025. Na ukiuziwa iPhone, fungua duka lake la programu: likifunguka duka la Google, basi ulichoshika ni simu ya Android iliyovalishwa umbo la nyingine.

Baada ya hayo yote ndipo zungumza bei, ukitaja kasoro ulizoziona moja baada ya nyingine. Lipa kwa namna inayoacha kumbukumbu, na dai risiti. Dukani iwe ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na kwa mtu binafsi iwe karatasi yenye jina lake, namba yake ya simu, tarehe na sahihi. Hakikisha namba tambulishi, zote mbili ikiwa simu ni ya laini mbili, zimeandikwa kwenye risiti hiyo, zisome kwa sauti tarakimu kwa tarakimu mkiwa mnazilinganisha na skrini, na kubalianeni kwa maandishi siku za kurudisha endapo hitilafu itajitokeza. Usiondoke kaunta kabla hujaingiza akaunti yako mwenyewe na kuweka nambari ya siri ya kufungulia skrini. Kisha ipige picha risiti, na uitume picha hiyo kwa mtu wa nyumbani, isibaki ndani ya simu ileile uliyoinunua.